Vyombo vya Angani vya Theodosia

Asubuhi ile Theodosia alikunywa uji amesimama, kama kawaida yake siku za kazi. Mkono mmoja ulishika bakuli. Kidole cha mkono wa pili kilikuwa kinachora hewani, kinazunguka, kinashuka, kinazunguka tena.

"Uji utamwagika," mumewe akamwambia.

"Haumwagiki."

"Unachora nini tena hapo kwenye moshi?"

"Gurudumu, Baba Esteri. Lile kubwa. Jana halikunyooka."

"Gurudumu likinyooka si gurudumu tena."

Theodosia akacheka mpaka uji ukamwagika kweli, ukamlowesha kanga. Akabadilisha, akatoka. Akarudi kuchukua kitambaa alichokisahau kwenye kiti, akatoka tena. Gari la shirika liliwachukua wafanyakazi njia panda, akawahi. Ildefonsi, mumewe, akabaki anakoroga udongo wa jirani yake aliyetaka kuziba nyufa za jiko. Wala hawakuagana. Nani anaaga mtu anayekwenda kazini? Hiyo ndiyo asubuhi ya mwisho waliyokaa pamoja bila hofu.

Kijiji chao kiko upande wa Busunzu, na Ildefonsi alijulikana huko kwa udongo wake. Alikuwa fundi wa kukandika. Shule hakuingia. Jina lake likiandikwa alilitambua kwa umbo tu, kama mtu anavyomtambua mbuzi wake kundini. Lakini ukuta aliokandika yeye haukupasuka, na watu walimwita mpaka Kumsenga.

Mkewe alizaliwa ng'ambo, Burundi. Alivuka mwaka wa sabini na mbili, msichana mdogo anayetembea nyuma ya mama yake. Huku akakua, akalima, akaolewa kanisani watu wanaona, akamzaa Esteri, ambaye sasa alikuwa Kasulu akijifunza kushona kwa masista. Kiha chake hakikumtenga na mtu yeyote. Ildefonsi mwenyewe, miezi ilipita asikumbuke kwamba mkewe alitoka mahali.

Wakimbizi wapya walipojaa mwaka wa tisini na tatu, mashirika yalikuja Kibondo na magari meupe. Theodosia akapata kazi ya kufagia ofisi. Alikuwa na mwandiko mzuri, wakamtoa kwenye ufagio, wakamweka kwenye kompyuta. Huko akakutana na Adolphe.

Adolphe alikuwa Mkongo wa Bukavu, mwalimu aliyekimbia vita, akaangukia kambi ya Nyarugusu, kule Kasulu. Shirika lilimleta Kibondo kila mashine zilipoharibika. Mchana, wengine wakienda kula, alimsimulia Theodosia mambo aliyowafundisha wanafunzi wake zamani.

"Mama, watu walifikiriaka mambo mingi sana," alimwambia. "Vyombo vya kwenda mwezini, vya kwenda mbali kupita mwezi. Walipima, walichora kila msumari. Kisha feza ikakosekana, ao serikali ikabadilika. Vikabakia ku papier, ku karatasi tu."

"Vyote?"

"Vile vilivyorukaka, kila mtu anavijua. Mi nasema vile vingine."

Theodosia hakula siku ile. Jioni alimweleza mumewe kana kwamba amesikia msiba. Watu wazima, wenye akili, wamekaa miaka wanaunda kitu kichwani, halafu hakuna hata bati moja lililokatwa.

"Sasa wewe unalilia bati la Wazungu?" Ildefonsi alimuuliza.

"Silii. Nasema tu."

Kesho yake akaanza kuvichora kwenye kompyuta. Alishika kile kidude wanachokiita kipanya, akakivuta taratibu juu ya meza, na mstari ukawa unatokea kwenye kioo. Adolphe alisimama nyuma yake akisema refusha, punguza, hapo palikuwa na mabawa. Jenereta likizimwa kabla hajahifadhi, kazi yote ilipotea, akaanza upya. Kwenye kioo alivipaka rangi. Vikitoka kwenye printa vilikuwa vyeusi, maana printa haikuwa na wino mwingine, tena alitumia karatasi zilizoharibika, zilizoandikwa upande mmoja.

Akavileta nyumbani, na Ildefonsi akavibandika.

Huku nyumba za udongo hubandikwa magazeti na kalenda kuukuu, ndani ipate mwanga. Ildefonsi alikuwa na uji wake wa muhogo, mzito, uliotiwa majivu kidogo mende wasiule. Karatasi ikishikwa na uji ule haitoki. Ukuta wa sebuleni wote ukawa vyombo vya angani. Kulikuwa na gurudumu lenye nyumba ndani yake, linalozunguka ili watu wasielee. Kulikuwa na kirefu kama kijiti kilichotungwa matangi kama shanga. Kulikuwa na chenye mabawa mafupi, kishuke kama ndege. Majirani walikuja kutazama.

"Mama Esteri amechoka na Busunzu," Pasikali alisema. Huyu alikuwa balozi wa nyumba kumi, na mdomo wake haukupumzika. "Anatafuta kiwanja mwezini."

"Na akikipata?" Ildefonsi akamuuliza.

"Akikipata, fundi, kazi yako imekwisha. Huko hakuna maji ya kukorogea udongo."

Kimoja Ildefonsi hakukipenda. Kilikuwa kifupi, kinene, na chini kina kitu kipana kama sinia.

"Hiki kinatupa bomu nyuma yake," Theodosia alimweleza. "Bomu linapasuka, kinasukumwa mbele. Kinatupa jingine."

"Na watu wamo?"

"Wamo. Hapa kuna ngao nene, na springi kubwa."

"Mimi sipandi."

"Hakuna aliyepanda, Baba Esteri. Hakikuundwa."

Basi, asubuhi ile ya uji ilikuwa mwaka wa tisini na saba, mvua za Novemba zimeshaanza. Jua lilikuwa bado halijafika utosini Ildefonsi alipomwona mkewe anarudi kwa miguu, viatu mkononi, matope mpaka magotini. Akauacha udongo wa jirani.

"Gari liko wapi?"

"Tuingie ndani."

Akafunga mlango. Mchana ule, na mlango umefungwa.

Theodosia akasema ofisi imewarudisha watu wote. Askari wameanza kupita vijijini. Warundi wote wanaokaa nje ya kambi wanakusanywa, kwa sababu, wanasema, wapo wapiganaji wanaojificha kati yao.

"Wewe si wa sasa," Ildefonsi akasema. "Wewe ni wa sabini na mbili. Hao wanatafuta waliokuja juzi."

"Hata mimi nasema hivyo. Mimi siogopi hilo." Akautazama ukuta. "Lakini Kumsenga wamemkuta mtu na karatasi yenye michoro. Ramani ya shamba tu, watu wanasema. Wamempiga, wamempakia. Mkewe hajui alikopelekwa."

Wakatazama wote wawili. Ukuta mzima. Ildefonsi hakujua kusoma, lakini siku ile alivisoma vile vyombo kama askari atakavyovisoma. Kirefu, chenye ncha. Kinene, kinachotema moto. Namba pembeni. Mishale.

"Toa," akasema. "Toa vyote."

Wakaanza kubandua. Kucha za Theodosia zikavunjika. Karatasi ilichanika juu juu, picha ikabaki. Wakamwagia maji, uji wa muhogo ukavimba lakini haukuachia. Kuchoma hakukuwezekana, ukuta na paa la nyasi ni jirani. Theodosia akaleta kisu, akakwangua gurudumu moja, likazidi kuonekana, jeupe kwa kovu.

"Uliweka nini kwenye uji huu, mwanaume wewe?"

"Majivu."

"Mende gani wanastahili majivu yote haya!"

Alicheka kidogo. Ildefonsi hakuweza.

Ndipo akakumbuka kazi yake. Akauchukua ule udongo wa jirani uliokuwa tayari, akaongeza samadi na nyasi zilizokatwa, na Theodosia akachota maji. Akaanza kukandika juu ya picha. Hajawahi kukandika haraka vile. Ukuta ulitoka laini, maana mikono ilijua kazi hata mwenyewe alipokuwa hajielewi. Theodosia alisimama nyuma yake na ndoo, anavitaja kwa sauti ya chini kila kimoja kilipofunikwa, vikipita kimoja kimoja kama watoto wanaoitwa darasani.

"Nyamaza," Ildefonsi akamwambia.

Akanyamaza. Kilichokuwa cha mwisho ni kile cha mabomu, kwa kuwa kilikuwa chini karibu na mlango. Ildefonsi alikiwekea udongo mara mbili.

Ulikuwa ukuta mzuri. Tatizo lake lilikuwa moja, na Ildefonsi hakuliona mpaka kazi ilipokwisha, ameketi chini anahema. Wakati wa mvua hakuna anayekandika ukuta wa ndani. Haukauki. Kila mkulima anajua, na askari ni watoto wa wakulima.

Wakawasha moto sebuleni. Waliukoka kutwa, wakaukoka na asubuhi iliyofuata, macho mekundu kwa moshi. Ukuta ulibaki mweusi, unatoa jasho.

Askari walifika jua limepanda kidogo. Mbwa wa kwa Pasikali alibweka, kisha akakatika sauti ghafla. Ildefonsi akasikia buti kwenye majani ya migomba. Theodosia ndiye aliyefungua mlango.

"Karibuni, afande."

Wakaingia wawili, wa tatu akabaki mlangoni. Aliyekuwa mbele akazungusha macho, akanusa.

"Nyumba hii imejengwa lini?"

"Zamani," Ildefonsi akajibu.

"Na ukuta huu?"

"Zamani pia."

Askari akaweka kiganja ukutani, akakitoa, akamwonyesha Ildefonsi. Kilijaa tope.

"Zamani ya jana?"

Ildefonsi akafuta mikono yake kwenye suruali.

"Kwetu hata kichaa hakandiki mvua ikinyesha," yule wa pili akasema. "Mmezika bunduki humu. Toeni wenyewe, msitusumbue."

"Hakuna bunduki, mwanangu," Theodosia akasema.

"Mimi si mwanao. Lete panga."

Wakakwangua na panga la Ildefonsi mwenyewe. Udongo mbichi ulianguka vipande vipande, *pwa, pwa*, na nyuma yake ukatokea ukingo wa gurudumu. Kisha nyumba zilizomo ndani ya gurudumu. Kisha kile kijiti na shanga zake. Askari aliyeshika panga akarudi nyuma hatua moja, kana kwamba picha ingemlipukia.

Wakawatoa nje. Ildefonsi akachuchumalishwa kwenye matope, mikono kichwani. Mkuu wao, mtu mfupi mwenye koti la mvua, akaketi juu ya rundo la matofali mabichi. Wakamletea vipande vya ukuta vilivyotoka na karatasi. Majirani walisimama mbali, Pasikali mbele yao.

"Nani kachora?"

"Mimi," Theodosia akasema.

"Kwa mkono wako?"

"Kwa kompyuta."

Askari mmoja akarudi ndani mbio. Walimsikia akiitafuta chini ya kitanda.

"Iko ofisini, Kibondo," Theodosia akasema. "Ninafanya kazi huko. Hivi ni vyombo vya kwenda angani, afande."

"Vya nani?"

"Vya Wamarekani. Vingine vya Warusi."

"Viko wapi sasa hivi?"

"Havipo."

"Vimehamishwa?"

"Havikuwahi kuwapo. Walivipanga, wakaviacha. Havikuundwa."

Mkuu akafuta uso kwa mkono. Maji yalikuwa yanamdondoka kwenye kofia.

"Mama. Unachora kitu ambacho hakipo, unakibandika ukutani, halafu unakificha kwa udongo nikija."

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini unakificha kama hakipo?"

"Kwa sababu mnakuja na bunduki."

Mtu mmoja kwenye umati akaguna. Mkuu akageuza vipande alivyoletewa, akachagua kimoja, akakifuta kwa kidole gumba. Ildefonsi alikuwa chini, lakini aliliona sinia.

"Na hiki? Hiki kinakwendaje?"

Theodosia hakujua kusema uongo. Alikuwa mtu wa kurudi sokoni akipewa kitu kwa makosa. Ildefonsi alimwona anavuta pumzi, anaangalia karatasi, midomo inafunguka, na alijua neno linalokuja. Likitoka lile neno, wasingewapeleka kambini wala mahakamani. Wangewapeleka alikopelekwa yule wa Kumsenga. Akataka kupiga kelele.

"Kinasukumwa," Theodosia akasema.

"Na nini?"

"Na moto."

"Moto wa nini?"

Akanyamaza. Askari mwenye panga akamsogelea.

Ndipo Pasikali alipojitokeza, kofia mkononi, anainama kila hatua.

"Afande, nisamehe. Mimi ndiye balozi hapa. Huyu mama hana kitu. Ni wazimu wake wa karatasi tu, kijiji kizima tunamcheka. Eti kiwanja mwezini!" Akacheka peke yake. "Waasi ni wageni, afande, wanakuja na kuondoka. Huyu si mgeni. Mimi namjua toka siku alipovuka Malagarasi anamfuata mama yake, kanguo kamechanika hapa begani. Nilimpa muhogo kwa mkono huu!"

Mkuu akaiweka karatasi juu ya goti.

"Alivuka," akasema.

Alilisema polepole tu. Pasikali akabaki na mkono wake hewani, mdomo wazi. Wanakijiji wakatazama chini. Mpaka hapo hakuna askari aliyeuliza Theodosia ni wa wapi. Kwa maneno yake na sura yake alikuwa mwanamke wa Busunzu mwenye picha za ajabu.

"Mwaka gani?"

"Zamani, afande. Sabini na mbili. Alikuwa mtoto. Ni wetu huyu, ameolewa hapa, kanisani, nilikunywa pombe yao mimi…"

"Mrundi."

"Ni mke wa huyu hapa!"

"Nimesikia." Mkuu akasimama, akakung'uta koti. Vile vipande vya karatasi akampa Theodosia, vyote, hata kile chenye sinia. "Chukua takataka zako. Sina shida na takataka. Lakini Mrundi anakaa kambini. Ndiyo amri niliyopewa."

Ildefonsi akasimama bila kuruhusiwa. "Na mimi niandikeni. Nakwenda naye."

"Wewe ni Mha wa hapa. Baki na migomba yako."

"Afande, ni mke wangu."

"Mzee. Usinifanye nirudie."

Wakampa muda wa kuchukua sufuria na blanketi. Lori lilikuwa uwanja wa shule, limeshajaa watu, wengi wao Ildefonsi amewakandikia nyumba.

Baada ya hapo alihangaika. Alikwenda kata, akaambiwa aende wilayani. Wilayani wakamwambia asubiri. Alikwenda Kasulu kwa Esteri, wakalia pamoja, wakampata padri aandike kuthibitisha ndoa. Mvua zikakata barabara. Alifika Mtendeli, kambini, akazuiwa kwenye kizuizi kwa kukosa kibali. Akakaa hapo kutwa akitazama nyumba za shitingi, yale maturubai ya plastiki, mpaka bonde la mbali, asijue ipi ni ya mkewe. Akarudi kutafuta kibali.

Kibali kilikuwa bado hakijatoka Adolphe alipokuja na gari la shirika. Alishuka, akavua kofia, na Ildefonsi akakaa chini kabla hajaambiwa. Homa ilikuwa imemchukua Theodosia. Alikuwa amezikwa huko huko kambini.

"Baba, pole," Adolphe akasema. Akatoa mfukoni kitu cheusi, bapa, cha plastiki. "Hii ni disketi yake. Vyombo vyake vyote viko humu ndani, na rangi zake. Mi nilisema ibaki kwako."

Ildefonsi akaigeuza. Akaiweka kwenye mwanga.

"Sioni kitu."

"Haionekanake hivi, baba. Mpaka kompyuta."

"Basi tuseme vimo."

"Viko, baba."

Adolphe alikaa naye mpaka dereva akapiga honi. Kabla hajaondoka aliuliza kama waliweza kuagana, siku ile ya lori. Ildefonsi akamweleza, kwa maneno machache, maana hata sasa hawezi kulisema jambo lile kwa mengi.

Lori lilipowashwa, alikuwa amesimama na wanaume wengine nyuma ya kamba iliyowekwa na askari. Theodosia alikuwa nyuma kabisa ya lori, ameshika ubao, blanketi kichwani. Uso wake ulikuwa umebadilika. Siku zote mbili, wakibandua, wakikandika, akijibu askari, alikuwa mtulivu, na Ildefonsi alijua hofu yote ya nyumba ile ni yake peke yake. Lori likaanza kutembea. Ildefonsi akaruka kamba. Askari akapiga kelele, mwingine akainua kitako cha bunduki. Naye Theodosia akainama juu ya ubao, akamwambia, si kwa kelele, kwa sauti ile ile ya nyumbani:

"Usikimbie, Baba Esteri, watakupiga. Mimi naogopa. Simama hapo hapo nikuone mpaka tukate kona."